Kuacha Sigara: Kiapo Hakitoshi

Imetufikia barua ya ndugu yetu mmoja, fundi seremala, ambaye jina lake tumelificha kwa kutaka kwake. Asema kwamba yeye avuta sigara tangu yu kijana wa miaka kumi na saba, na sasa ametimiza arubaini na moja, kwamba mara mbili aliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu ya kuwa hatavuta tena, na mara zote mbili akavuta, na kwamba mwisho wa Ramadhani iliyopita, kwa kujiona dhaifu, alitaka kujifunga kwa kamba isiyokatika, akasema mbele ya nduguye: "Nikivuta sigara tena, mke wangu ametalikika." Akakaa siku tisa. Usiku wa kumi akakaa barazani baada ya Isha, akapewa kahawa, na mwenziwe akamnyoshea sigara kama ilivyo desturi yao ya miaka yote, naye akaipokea, akaiwasha, akavuta mara mbili tatu, ndipo alipolikumbuka neno lake, akaitupa. Tangu usiku ule hapati usingizi. Atuuliza masuala mawili. La kwanza, je, mkewe ametalikika? La pili, mtu afanyeje hata aiache sigara asiirudie?

Suala la kwanza tutalijibu kwa ufupi, si kwa kuwa ni dogo, bali kwa kuwa lina mahali pake pa kuamuliwa, napo ni mbele ya Kadhi. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, talaka iliyofungwa kwa sharti huanguka sharti lile likitokea. Lakini aliyelitenda jambo aliloliapia hali amesahau kiapo chake, kauli yenye nguvu zaidi katika madhehebu ni kwamba hakuvunja kiapo, wala talaka haianguki. Basi ikiwa mambo yalikuwa kama alivyoyaandika, kwamba alipokumbuka aliitupa papo hapo, twataraji kuwa mkewe yungali mkewe. Lakini na ajue hili pia: kiapo kile hakikwisha kwa kule kusahau kwake. Kingali kimening'inia juu ya dari ya nyumba yake, na siku atakayovuta hali akumbuka, kitamshukia. Wako maulamaa, na katika wao ni Ibn Taymiyya, waliosema kwamba mwenye kutamka talaka kwa kusudi la kujizuia na jambo tu, asikusudie kumwacha mke, hukumu yake ni ya mwenye kuapa, na juu yake ni kafara. Na sheria ya Misri nambari 25 ya mwaka 1929 ilifuata rai ya namna hiyo. Hata hivyo mtu hajichagulii kauli akiwa amekaa nyumbani kwake, iliyompendeza akaishika. Na aende kwa Kadhi pamoja na nduguye aliyesikia, ayaseme maneno yake kama alivyoyatamka, pasi na kuongeza wala kupunguza. Ama vile viapo viwili vya kwanza alivyovivunja hali akijua, kila kimoja kina kafara yake: kulisha maskini kumi au kuwavisha, na asiyeweza hufunga siku tatu.

Hatuwezi kupita hapa bila ya kusema neno. Mwanamke yu jikoni apika, hana khabari ya sigara wala ya kiapo, na nyumba yake imewekwa rehani kwa kijiti cha moshi! Kosa ni la nani, na adhabu yampata nani? Talaka ni mlango uliowekwa kwa wenye kushindwa kukaa pamoja kwa wema. Haikuwekwa iwe bakora ya mtu kujitishia nafsi yake. Na ndugu yetu huyu si wa kwanza kuitumia hivyo. Ila wengine hawaandiki barua. Wanyamaza, waendelea kukaa na wake zao katika shaka, na shaka ya namna hiyo ni nzito kuliko sigara yenyewe.

Sasa tuje kwenye suala la pili, ambalo ndilo la darsa hii. Hukumu ya sigara hatutaikawilia, kwani aulizaye namna ya kuacha hana haja ya kuambiwa tena kwa nini aache. Tutasema tu kwamba tumbaku ilitoka Marekani, ikaingia katika miji ya Kiislamu mwisho wa karne ya kumi na sita ya kizungu, na maulamaa wakakhitalifiana. Huko Misri, al-Laqani, aliyefariki mwaka 1632, aliiharimisha. Al-Ajhuri, wa madhehebu yale yale ya Malik, akaihalalisha. Al-Qalyubi, ambaye ni katika maulamaa wa Kishafi, akaiharimisha. Na huko Dimishki Abdul-Ghani an-Nabulsi akaandika kitabu kizima cha kuitetea. Walikhitalifiana kwa kuwa dhara yake haikuwa imebainika mbele yao. Kwetu sisi imebainika. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Bradford Hill, walionyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1962 chuo cha waganga cha London kikatoa ripoti yake. Mwaka 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani akatoa ya kwake. Kisha Doll na wenziwe waliwafuata madaktari wanaume wa Uingereza zaidi ya 34,000 kwa muda wa miaka hamsini, na mwaka 2004 wakatangaza kwamba mvutaji asiyeacha hupungukiwa na umri wake kwa kadiri ya miaka kumi, na kwamba nusu ya wavutaji wa namna hiyo huuawa na sigara. Ikiwa kilichoua nusu ya wenye kukitumia si dhara, basi hatujui dhara ni nini. Siku hizi Shirika la Afya Duniani lahesabu watu zaidi ya milioni saba wafao kwa tumbaku kila mwaka, na katika hao zaidi ya milioni moja hawakuvuta wao. Walivutiwa moshi na waume zao, na baba zao, na wenzao wa kazini.

Lakini katika khabari ile ile ya mwaka 2004 kuna bishara kwa fundi wetu, nasi twataka aisome mara mbili. Aliyeacha akiwa na umri wa miaka sitini alirudishiwa kadiri ya miaka mitatu. Wa hamsini, miaka sita. Wa arubaini, miaka tisa katika ile kumi. Yeye ana arubaini na moja.

Basi kwa nini viapo vyake havikufaa? Wasemaji wengi humwambia mvutaji, "Acha, ni haramu," kisha wakashuka mimbarini. Yeye alijua kuwa ni haramu kabla hawajapanda. Tatizo lake si ujinga, wala si uchache wa imani kama wanavyomdhania. Wazee wetu wakiita tambuu na tumbaku na mfano wa hivyo kwa jina la "uraibu", kitu cha kuchangamsha kinywa. Siku hizi neno hilo limehamia kwenye maradhi ya kushikwa na kitu mtu asiweze kukiacha, na kuhama kwake ni kwa haki, kwani waganga wanakuhesabu kushikwa na tumbaku kuwa ni maradhi. Ndani ya tumbaku mna dawa iitwayo nikotini. Mtu akivuta pumzi moja, nikotini hufika katika ubongo kwa sekunde zipatazo kumi au ishirini, upesi kuliko sindano ya mkononi, na hapo huamsha raha ndogo. Baada ya saa mbili nusu yake imekwisha kutoka katika damu, na ubongo waanza kuidai. Kadiri mtu anavyozidi kuulisha, ndivyo ubongo unavyozidisha milango ya kuipokea, hata mvutaji wa miaka mingi havuti tena kwa kutafuta raha. Avuta ili aondoe dhiki iliyoletwa na sigara iliyopita. Ni kama mtu aliyekopa kwa mlariba, kila akilipa hulipa riba tu.

Na juu ya nikotini kuna mkono. Fundi wetu atuambia kwamba huvuta pakiti moja kwa siku. Tumemfanyia hesabu: sigara ishirini kwa siku, kwa miaka ishirini na minne, ni sigara zaidi ya 170,000, na kila moja huinuliwa kinywani mara kumi au zaidi. Mkono ulioinuliwa kinywani mara milioni na laki nyingi wajua njia yake wenyewe, hauhitaji ruhusa ya mwenyewe. Ndiyo sababu aliwasha pale barazani kabla ya kukumbuka. Wala hakudharau kiapo. Kiapo kilikuwa katika ulimi, na sigara ilikuwa katika mkono.

Kiapo kina dhara nyingine ambayo watu hawaitazami. Humfanya mtu aone kwamba baina ya kuacha na kutoacha pana uzi mmoja, ukikatika yote yamekwisha. Akivuta moja tu, husema, "Nimekwisha kuvunja," akaenda akanunua pakiti nzima. Kisha huona haya. Huwakimbia wale waliomsikia akiapa, huvuta nyuma ya nyumba, huingia msikitini na majani ya mnanaa kinywani. Na mtu anayejificha hasaidiki. Huku Shirika la Afya Duniani latwambia kwamba katika kila majaribio mia ya kuacha bila ya msaada wowote, yanayofanikiwa ni kama manne tu, na kwamba msaada wa mshauri pamoja na dawa huzidisha nafasi ya mtu kufaulu zaidi ya maradufu. Basi aliyeshindwa mara mbili si mtu wa ajabu. Ni mmoja katika tisini na sita.

Kuna mtu atakayesema: mbona mwezi wa Ramadhani huacha? Hili ni neno zuri, na yafaa kulizingatia. Huku kwetu karibu na Ikweta mchana wa saumu ni saa kumi na tatu na zaidi kidogo, na mvutaji wa pakiti moja huzipitisha saa hizo siku ishirini na tisa au thelathini. Na ukimuuliza atakwambia kwamba saa nane za mchana wa Ramadhani haimsumbui kama inavyomsumbua siku nyingine akiwa amefungiwa saa mbili katika basi. Sababu yake ni kwamba mlango umefungwa moyoni. Hakuna mjadala wa "nivute au nisivute". Na mjadala ule ndio unaochosha zaidi. Hapo mna fundisho kubwa: mtu akilikata shauri kwa siku hii moja, bila ya kuliweka mezani kila baada ya nusu saa, dhiki hupungua. Lakini likizama jua, yeye hula tende moja na kuwasha sigara, na mpaka daku huwa amekwisha kujaza alichokikosa mchana. Mwili wake haukuachishwa hata siku moja. Ulibadilishiwa saa za kulishwa tu. Kwa hivyo siku ya Idi huamka akiwa mvutaji yule yule. Atakaye kuifanya Ramadhani kuwa mwezi wa kuacha, na aache usiku pia, na ajitayarishe tangu Shaabani.

Kujitayarisha kwenyewe ni namna gani? Na achague siku, asiifanye mbali kupita wiki mbili, na siku hizo zilizobaki aandike kila sigara anayoivuta: saa gani, mahali gani, na nani. Ndugu yetu kesha tufanyia kazi hii bila ya kujua, kwani ametuandikia kwamba ya kwanza huiwasha akitoka msikitini alfajiri, viatu havijamkaa miguuni, kisha na chai, kisha kila akimaliza kupiga randa ubao, kisha baada ya chakula, kisha barazani. Basi hayo ndiyo malango ya adui yake, na kila lango lataka mlinzi wake. Baada ya chakula aondoke upesi akasafishe kinywa kwa mswaki. Kazini akimaliza ubao na ashike kitu kingine mkononi, na kwa fundi seremala vitu vya kushika havipungui. Hamu ikimjia na aingoje, anywe maji, atembee, atoe udhuru wa kwenda kutia udhu. Kwani hamu moja hudumu dakika chache tu kisha hupita, hata asipoipa kitu. Dhiki kubwa ni siku mbili tatu za mwanzo, na wiki ya kwanza ndiyo inayowaangusha wengi. Kisha hupungua kidogo kidogo, na aghlabu wiki nne zikipita huwa imelegea. Katika siku hizo atakuwa na hasira za upesi, usingizi utakatika, ataona njaa, na huenda akakohoa zaidi kuliko zamani, kwa kuwa mapafu yameanza kujisafisha. Nyumbani kwake na wajue mapema, wasije wakadhani amewachukia. Uzito pia huongezeka, kwa wastani kilo nne au tano kwa mwaka, na hilo lisimtishe mtu.

Jambo moja la kahawa ni muhimu kwetu watu wa pwani, na wachache wanalijua. Moshi wa sigara hulifanya ini kuiondoa kafeini mwilini kwa haraka. Mtu akiacha kuvuta, vikombe vile vile vya kahawa alivyovizoea hukaa katika damu yake muda mrefu zaidi, na kipimo chake chaweza kufika maradufu. Basi yule aliyeacha huona moyo wamdunda, mikono yatetemeka, usingizi hana, akasema, "Sigara hii yaniua kwa kuiacha," na kumbe nusu ya hayo ni kahawa. Na apunguze vikombe vyake kwa nusu tangu siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo, baadhi ya dawa, kama teofilini ya pumu, huenda zikahitaji kupunguzwa kipimo mtu anapoacha sigara. Anayetumia dawa na amwambie mganga wake.

Ama dawa za kuachia, twaona watu wengi wanazidharau au hawajapata kuzisikia. Msingi wake ni kumpa mtu nikotini bila ya moshi, kwa kipimo kinachopungua, kwani nikotini ndiyo inayomshika, lakini wauaji wakubwa wamo katika moshi, wenye vitu zaidi ya elfu saba, na katika hivyo visivyopungua sitini na tisa huleta saratani. Fikira hii ilianza Sweden, kwa mabaharia wa nyambizi ambao hawakuweza kuvuta chini ya maji, na mtaalamu wa dawa Ove Fernö akatengeneza ubani wa kutafuna wenye nikotini. Leo kuna ubani huo na kuna kibandiko cha ngozi. Shirika la Afya Duniani lilivitia katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya bupropioni na vareniklini, ambavyo ni vya kuandikiwa na mganga. Mvutaji wa zaidi ya sigara kumi kwa siku aghlabu huanza na kibandiko cha miligramu 21 kwa wiki sita, kisha 14 kwa wiki mbili, kisha 7 kwa wiki mbili. Ubani ni wa miligramu 4 kwa yule awashaye sigara yake ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka, na wa 2 kwa asiyekuwa hivyo. Nao hautafunwi kama ubani wa watoto, bali mtu hutafuna mpaka auhisi ukali wake, kisha akauweka baina ya shavu na ufizi. Fundi wetu ni wa daraja ya kwanza, na kwa mtu kama yeye kibandiko pamoja na ubani ni bora kuliko kimoja peke yake. Na aulize katika maduka makubwa ya dawa. Mwanamke mwenye mimba na mwenye maradhi ya moyo wasianze pasi na kumwona mganga. Bei yake si ndogo, twakiri. Lakini hainunuliwi kwa miaka ishirini na minne.

Wala asidanganyike mtu na kupunguza. Uchunguzi uliokusanywa na kutangazwa Uingereza mwaka 2018 ulionyesha kwamba mwenye kuvuta moja tu kwa siku hubakiwa na kadiri ya nusu ya hatari ya moyo iliyomzidia mvutaji wa ishirini. Shisha nayo ni tumbaku, na maji yaliyomo hayausafishi moshi wake. Sigara za umeme na vifuko vya nikotini wanavyotiliwa vijana wetu ladha ya matunda vina nikotini ile ile. Wako wavutaji wakubwa waliovitumia kuachia, lakini kijana ambaye hakuwa mvutaji ana haja gani navyo? Na mama zetu watiao tumbaku katika tambuu, na wenye kubwia ugoro, wasidhani kwamba darsa hii haiwahusu, kwani saratani ya kinywa haihitaji moshi.

Sasa tugeuke kwa jamaa, na hapa maneno yetu yatakuwa makali kidogo. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulikuta hapa Kenya watu wazima wapatao milioni mbili na nusu wenye kutumia tumbaku. Hawa si wageni, ni watu wa safu zetu. Nani aliyemnyoshea fundi sigara usiku ule? Rafiki yake, tena kwa ukarimu! Twasifu ukarimu, lakini kumpa sigara aliyeacha ni kumtia shimoni aliyekwisha kutoka nusu. Na mwenye duka ambaye ni Muislamu, anayefungua pakiti akauza sigara moja moja, ajue kwamba avunja sheria ya tumbaku ya mwaka 2007, inayokataza hilo na kukataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Aliyeacha siku tisa hana uso wa kununua pakiti nzima. Kinachomrudisha ni ile moja ya dukani pembeni mwa njia, na mtoto wa shule huanzia pale pale.

Basi rai yetu ni hii. Wenye kutaka kuacha katika mtaa mmoja wasiache kila mtu peke yake; wawe wawili au watatu, waianze siku moja, na kila usiku kwa wiki nne za mwanzo waulizane. Baada ya Isha wakae baraza nyingine isiyo na moshi, au wasome kitu. Mmoja akiteleza na awaambie wenziwe usiku ule ule, nao wasimcheke wala wasimsomee waadhi. Wamuulize: ilikuwa wapi, saa ngapi, ulikuwa na nani? Kisha walizibe tundu lile. Aliyevuta moja katika siku ya kumi hakuzipoteza siku tisa. Zile ni zake, na mwili wake umezipokea. Wengi walioacha moja kwa moja walikwisha kujaribu mara nyingi kabla yake. Asiyekuwa na wenziwe, au aonaye haya ya mtaani, kuna simu ya bure ya NACADA, nambari 1192, apate kusema na mshauri asiyemjua. Na fedha za jumuiya zinazotafutwa matumizi kila mwaka, zikimnunulia maskini mmoja vibandiko vya wiki kumi, hatuoni kwamba zimepotea.

Limebaki suala ambalo ndugu yetu hakutuuliza, lakini ataliuliza Ramadhani ijayo: je, kibandiko hufunguza? Kinachofunguza katika madhehebu yetu ni kitu chenye kiini kuingia ndani kwa tundu iliyo wazi, kama kinywa na pua. Kinachoingia kwa vinyweleo vya ngozi, kama mafuta mtu akijipaka, hakifunguzi hata kikionekana athari yake ndani. Kibandiko ni cha namna hiyo, basi saumu yake ni sahihi, na akibandike asubuhi kama siku zote. Ubani wa nikotini si hivyo: hutoa maji yake, yakamezwa pamoja na mate, na hayo hufunguza, huo na uwekwe mpaka magharibi. Vidonge navyo ni vya usiku, na anayevitumia mara mbili kwa siku na amuulize mganga wake kama futari na daku zatosha. Wallahu aalam.